Sifa Iliyobebwa Vichwani

TAREHE 25 Novemba, 1918, siku kumi na nne baada ya mizinga kunyamaza kule Ulaya, msafara mrefu uliingia katika mji mdogo wa Abercorn, ambao leo huitwa Mbala, kaskazini mwa Zambia. Aliyeuongoza ni Mjerumani mwembamba wa miaka 48, ambaye jicho lake la kushoto lilikuwa limeharibika vitani miaka mingi kabla. Alisimama mbele ya Brigedia Jenerali Edwards wa Uingereza, akamsalimu kijeshi, akasoma tamko la kujisalimisha, na watu wake wakaweka silaha chini. Karibu bunduki zote zilizolundikwa pale zilikuwa za Kiingereza na za Kireno, yaani zilizonyang'anywa kwa adui.

Mtu huyo ni Paul von Lettow-Vorbeck. Kwa Wajerumani, ambao majeshi yao yalikuwa yameshindwa kila mahali, yeye akawa jemadari asiyeshindwa. Vitabu vikaandikwa, barabara na kambi za jeshi zikapewa jina lake. Waingereza nao hawakuchelewa kumsifu, kwani aliyemkimbiza mwenzake miaka minne bila kumkamata hana budi kuwaambia watu kwamba mwenzake huyo alikuwa na mbio za ajabu.

Lakini hebu, ndugu msomaji, tuutazame msafara wenyewe. Ndani yake walikuwamo Wazungu 155 na askari Waafrika 1,168. Nyuma yao walifuata wapagazi zaidi ya 1,500, pamoja na wake wa askari na watoto wao, baadhi ya watoto hao wakiwa wamezaliwa njiani. Katika ramani za vita hivyo utaona mishale inayoonyesha alikopita jemadari. Wapagazi hawana mshale wao. Hata hivyo kila alikofika aliletwa na miguu yao, na alichokula kilitoka katika mashamba ya watu ambao ugomvi wa Kaisari wa Ujerumani na Mfalme wa Uingereza haukuwahusu hata kidogo.

ALIKOJIFUNZA KAZI

Lettow-Vorbeck alizaliwa mwaka 1870 katika mji wa Saarlouis, mtoto wa ofisa wa jeshi la Prussia, akalelewa katika shule za kijeshi tangu utotoni. Alikuwa askari wa miguu kwa mafunzo. Mwaka 1900 alipelekwa China pamoja na majeshi ya mataifa yaliyokwenda kuzima maasi ya Boxer. Mwaka 1904 akapelekwa Afrika ya Kusini-Magharibi, ambayo leo ni Namibia.

Hapo pataka kutuama kidogo, maana wanaomsifu jemadari huyu hupenda kuparuka haraka. Alitumika katika makao ya Jenerali Lothar von Trotha, yule aliyetoa amri mwezi Oktoba, 1904, kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya koloni apigwe risasi, na wanawake na watoto warudishwe jangwani. Walizuiwa visima vya maji mpaka wakafa kwa kiu. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari. Baadaye Lettow-Vorbeck akapigana na Wanama, na mwaka 1906 akajeruhiwa jichoni, akapelekwa Afrika Kusini kutibiwa.

Wanahistoria wengi husema kwamba kwa Wanama ndiko alikojifunza vita vya kuvizia: jinsi watu wachache wanaoijua nchi wanavyoweza kulichosha jeshi kubwa. Hilo ni kweli. Ila mimi naona alijifunza na jingine pale, kwamba katika vita vya makoloni chakula na maji ya raia ni silaha kama silaha nyingine.

Aliwasili Dar es Salaam mwezi Januari, 1914, akiwa na cheo cha luteni kanali. Melini alifanya urafiki na binti wa Kidenmark, Karen Blixen, aliyekuwa akienda Mombasa kuolewa, na ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri. Koloni alilokabidhiwa kulilinda lilikuwa kubwa kuliko Ujerumani yenyewe. Kwa kazi hiyo alipewa askari Waafrika wapatao 2,500 na Wazungu mia mbili na ushei, waliogawanywa katika kombania 14. Askari hao walitoka makabila mengi: Wasudani wa zamani, Wamanyema, Wanyamwezi, Wasukuma na wengineo. Wengi wao walikuwa wamepigana na Waafrika wenzao katika vita vya Maji Maji miaka michache tu nyuma. Mshahara wao ulikuwa mkubwa kuliko wa kibarua wa shambani, nao waliogopwa vijijini.

Vita vilipoanza mwezi Agosti, Gavana Heinrich Schnee hakutaka mapigano. Alitumaini kwamba mkataba wa zamani wa mwaka 1885 ungewezesha makoloni ya Afrika ya kati kukaa kando ya ugomvi wa Ulaya. Kama angesikilizwa, habari za watu wetu huenda zingekuwa nyingine. Lettow-Vorbeck alikuwa na shauri tofauti. Alijua kwamba koloni haliwezi kuokolewa na askari wachache wale. Litapotea au litapona kule kule Ulaya. Kwa hiyo, alisema, kazi ya jeshi lake ni kuwavuta Waingereza wengi iwezekanavyo waje Afrika, wasipate kwenda Ufaransa. Koloni zima, na watu wake wote, likageuzwa chambo.

MIZINGA YA TANGA

Jina lake lilijengwa Tanga. Mwanzoni mwa Novemba, 1914, Meja Jenerali Aitken alifika na merikebu zilizosheheni askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi walioletwa kutoka Bombay, wamechoka na bahari na hawajui waendako. Aitken hakuamini kwamba askari Waafrika wangeweza kumsumbua. Kabla ya kushuka, Nahodha Caulfield wa manowari Fox aliingia bandarini na kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutopigana yamekwisha, kisha akauliza kama bandari imetegwa mabomu. Kwa uungwana huo Wajerumani wakapata muda. Lettow-Vorbeck alipakia kombania zake kwenye treni huko kaskazini, zikateremka kwa reli ya Usambara. Yeye mwenyewe usiku ule alipanda baiskeli akapita katika mitaa mitupu ya Tanga mpaka karibu na adui, kuona palivyo.

Tarehe 4 Novemba Waingereza walisonga mbele katika mashamba ya mpira na mikonge, na kabla ya jua kutua walikuwa wakirudi mbio ufukoni. Katika Kiswahili chetu neno mzinga ni lile lile kwa chombo cha chuma kitemacho moto na kwa gogo linalokaa nyuki. Siku ile ya pili ndiyo iliyotisha zaidi. Risasi zilipoipasua mizinga iliyotundikwa mitini, nyuki waliwatoka watu wa pande zote mbili, na askari waliostahimili bunduki hawakustahimili nyuki. Waingereza wengine walisadiki kabisa kwamba ule ulikuwa mtego wa Kijerumani. Nyuki, bila shaka, hawakuwa na upande.

Zaidi ya watu 800 wa Aitken waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Kwa Wajerumani walikufa wapatao 70, wengi wao Waafrika. Mmoja wa Wazungu waliokufa alikuwa Tom von Prince, yule Bwana Sakarani aliyepigana na Mkwawa. Waingereza walipanda merikebu wakaacha nyuma bunduki kwa mamia, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000.

Ushindi wa pili ulimfunza kinyume. Mwezi Januari, 1915, aliizingira ngome ya Jasini, mpakani na Kenya, akaiteka. Lakini alipoteza maofisa wazuri, na risasi zilizotumika zilikuwa 200,000. Akapiga hesabu. Kwa vita vya namna hiyo angeweza kupigana mara chache tu, kisha mkono ungekuwa mtupu. Tangu hapo akaamua kuuma na kukimbia. Mwaka 1915 wote vikundi vyake vidogo vilikuwa vikivuka mpaka, vikitembea siku nyingi bila maji ya kutosha, kwenda kulipua reli ya Uganda.

Mwaka huo ulikuwa wa maarifa mengi, na si haki kuyaficha. Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Uingereza. Kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, kikatengeneza kwinini kwa magome ya miti iliyopandwa pale. Dawa ile ilipokosekana katika vidonge ilichemshwa ikanywewa hivyo hivyo kwa uchungu wake, na askari wakaipa jina la jemadari wao. Nguo zilifumwa nchini na kutiwa rangi ya magome. Tabora kulipigwa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Manowari Königsberg, iliyokuwa imeizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja na kisha kujificha katika mikono ya Rufiji, ilipoangamizwa mwezi Julai, 1915, mizinga yake kumi iliopolewa ikafungwa magurudumu. Mmoja wa mizinga hiyo uliishia Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria.

Lakini mzinga wa manowari hautembei wenyewe. Kila mmoja ulikokotwa na mamia ya watu, kwa kamba, juu ya milima na katika matope. Tunayo majina ya maofisa waliousimamia uokoaji ule.

HESABU YA KILO ISHIRINI NA TANO

Mwezi Machi, 1916, Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alianza kuteremka kutoka Kilimanjaro na jeshi kubwa. Wabelgiji waliingia kutoka Kongo. Moshi ikaanguka, Kondoa ikaanguka, Dar es Salaam ikachukuliwa tarehe 4 Septemba na Tabora tarehe 19 mwezi huo huo. Smuts alikuwa amekuja na farasi kwa maelfu, kama ilivyokuwa desturi ya vita vya kwao. Mbung'o wakawamaliza. Ng'ombe wa kukokota wakafa vivyo hivyo, na magari yakazama katika masika. Basi majeshi yote mawili yakabaki na chombo kimoja cha usafiri kisichougua nagana: kichwa cha mwanadamu.

Chukua kalamu, msomaji, tupige hesabu ambayo wakuu wa posho wa pande zote mbili hawakuweza kuikwepa. Mpagazi mmoja alitwikwa kiasi cha kilo 25. Chakula chake ni kilo moja ya unga kwa siku. Mtume apeleke unga kwa askari walio mwendo wa siku kumi, kisha arudi siku kumi. Yeye mwenyewe amekula kilo 20. Askari wamepata tano. Sasa sogeza jeshi mbele siku tatu tu. Mpagazi atakwenda siku 13 na kurudi 13, atakuwa amekula kilo 26, na mzigo ulikuwa wa 25. Ametembea siku 26 bila kumfikishia askari hata punje moja, naye bado anadai kilo moja.

Kutoka katika hesabu hiyo hakuna njia ila mbili. Ya kwanza ni kumpunguzia mpagazi chakula. Ya pili ni kula vya watu waliopo karibu. Zote mbili zilifuatwa, na pande zote mbili zilizifuata.

Waingereza waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita vile, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na kila wilaya ya Tanganyika waliyoiteka. Vifo vyao hukadiriwa kuwa karibu laki moja. Risasi iliua wachache mno kati yao. Waliuawa na kuhara damu, na homa ya mapafu kwa kulala mvuani bila blanketi, na malaria. Wengine waliuawa na chungu. Mtu aliyelelewa kwa ndizi au wali alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya. Akifika kambini usiku, amelowa, hana kuni kavu wala muda, anaukoroga nusu mbichi na kuula. Kila mama anajua tumbo hufanya nini kwa ugali mbichi wa siku thelathini mfululizo.

Kikosi hicho Waingereza walikiita Carrier Corps, yaani Kikosi cha Wachukuzi. Kambi yake ya Dar es Salaam ndiyo iliyotupa jina la Kariakoo, na kambi ya Nairobi ikatoa Kariokor. Ukienda kununua nyanya na vitenge pale, unalitaja jeshi la watu waliokufa kwa kubeba.

Upande wa Lettow-Vorbeck hakuna hesabu ya namna hiyo, kwa sababu jeshi lake halikuweka orodha kamili ya wapagazi. Walichukuliwa vijijini walipohitajika na kuachwa walipochoka. Kadiri vita vilivyorefuka ndivyo walivyozidi kutoroka, na wengine wakafungwa kamba wasiweze. Mmoja wa madaktari wa jeshi lile, Ludwig Deppe, aliandika baadaye kwa uchungu kwamba walikuwa wakiacha nyuma yao mashamba yaliyoharibiwa, maghala matupu na njaa iliyokuwa ikija. Alikuwamo katika msafara. Hakuna wa kumwambia kwamba alisikia maneno ya adui.

Ugogo ni shahidi. Majeshi yote yalipita pale mwaka 1916, kwanza Wajerumani wakirudi nyuma, kisha Waingereza wakiwafuata. Kila mmoja alichukua ng'ombe, mtama na wanaume wenye nguvu. Mvua ilipokatika, hapakuwa na akiba ghalani wala mikono shambani. Njaa ile Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa kwamba iliua watu 30,000, nayo iliendelea hata baada ya vita kwisha. Wazee wa Dodoma waliendelea kuhesabu umri wao kwa njaa hiyo.

KUVUKA RUVUMA

Mwaka 1917 jeshi la Kijerumani lilikuwa limesukumwa kusini, katika nchi ile ile ambayo miaka kumi nyuma ilikuwa imechomewa maghala ili kuuzima moto wa Maji Maji. Mwezi Oktoba, katika Mahiwa, nyuma ya Lindi, palipiganwa vita vikali kuliko vyote vya Afrika Mashariki. Siku nne watu walirushiana risasi toka karibu sana, askari Wanigeria wakiwa upande wa Waingereza. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000. Lettow-Vorbeck alipoteza zaidi ya 500, nao walikuwa karibu theluthi ya watu aliokuwa nao hapo. Kwa vita hivyo Berlin ilimpandisha cheo kuwa meja jenerali. Yeye alijua kwamba ushindi mwingine wa aina hiyo ungemmaliza.

Katika Nambindinga, juu ya uwanda wa Wamakonde, aliwachagua wenye afya na kuwaacha wagonjwa na majeruhi kwa mamia waangukie mikononi mwa Waingereza. Tarehe 25 Novemba, 1917, akavuka Ruvuma na Wazungu wapatao 300 na askari 1,700, pamoja na wapagazi 3,000. Siku hiyo hiyo waliivamia kambi ya Wareno ya Ngomano, wakamuua kamanda wake, Meja Teixeira Pinto, wakajitwalia bunduki na risasi robo milioni. Siku chache kabla, ndege kubwa ya gesi, Zeppelin L 59, ilikuwa imeruka kutoka Bulgaria ikiwa na tani 15 za dawa na silaha kwa ajili yao. Ilifika juu ya Sudan ikaamriwa kurudi. Ndege ile ingekuta jeshi linaloishi kwa kuwaibia Wareno, nao wenyewe wakiishi kwa kuwaibia Wamakua.

Miezi kumi walizunguka Msumbiji, mpaka karibu na Quelimane, kisha wakavuka tena Ruvuma mwezi Septemba, 1918, wakapita Songea na Njombe, wakaingia Rhodesia ya Kaskazini. Wanawake walitembea humo, mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Wakifika kambini, wanaume hupumzika nao huanza kutwanga. Karibu na mto Chambeshi, tarehe 13 Novemba, walimkamata Mwingereza mwendesha pikipiki aliyebeba barua, na humo wakasoma kwamba vita vimekwisha siku mbili nyuma.

Je, shabaha yake ilitimia? Katika miaka minne Waingereza waliwaleta askari zaidi ya laki moja kumsaka, na gharama zilikuwa kubwa. Lakini angalia ni akina nani. Askari wa Kizungu wa Afrika Kusini waliugua, wakarudishwa kwao tangu mwishoni mwa 1916. Waliomkimbiza hadi mwisho walikuwa hasa Waafrika wa King's African Rifles, jeshi lililokuwa na watu wasiofika 3,000 mwaka 1914 na zaidi ya 30,000 mwaka 1918. Waingereza hawakuwa na nia ya kuwapeleka watu hao katika mahandaki ya Ufaransa. Kwa hiyo katika mwaka ule wa mwisho, ambao ndio unaosifiwa zaidi, jemadari hakuwa akimzuilia Kaisari Wazungu wengi. Alikuwa akiongoza Waafrika wapigane na Waafrika, na kula chakula cha Waafrika.

Husemwa pia kwamba askari wake walimtii mpaka mwisho. Wapo waliomtii, na ushujaa wao si wa kubezwa. Lakini mwaka 1916 alikuwa na askari zaidi ya 11,000, na Abercorn walifika 1,168. Waliobaki walikufa, walitekwa, au walichoka kupigana bila mshahara wakaondoka. Waingereza walipata askari wa zamani wa Kijerumani wa kutosha kuunda nao kikosi kizima, cha sita, cha King's African Rifles. Mtu hufuata jeshi kwa mshahara, kwa heshima, kwa kuwa mke na watoto wamo msafarani na kijijini hakurudiki tena. Kuliita yote hayo mapenzi kwa Bwana ni hadithi nzuri ya jioni kwa aliyekuwa Bwana.

BAADA YA VITA

Ujerumani ilimpokea mwezi Machi, 1919, akapita na maofisa wake chini ya Lango la Brandenburg mjini Berlin huku umati ukishangilia. Mwaka huo huo aliongoza askari kwenda kuzima machafuko ya wafanyakazi wa Hamburg waliokuwa na njaa. Mwaka 1920 aliwaunga mkono waliojaribu kuipindua serikali ya jamhuri, jaribio la Kapp, na jaribio liliposhindwa akaondolewa jeshini. Alikaa bungeni kuanzia 1928 hadi 1930. Cheo cha jenerali wa askari wa miguu alikipata kwa heshima tu, mwaka 1939, akiwa mzee wa miaka 69, kutoka kwa utawala wa Hitler. Vita vilivyofuata vilimchukulia wanawe wote wawili.

Mwaka 1953 alirudi kuitazama Afrika Mashariki, na Dar es Salaam askari wazee walimlaki kwa furaha. Alifariki Hamburg tarehe 9 Machi, 1964, wiki saba kabla ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Aliyemzungumzia mazikoni alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani Magharibi, Kai-Uwe von Hassel, ambaye mwenyewe alizaliwa Gare, Usambara. Baadaye watu wa Ujerumani walianza kulipima upya jina lake. Mji wa Hannover uliiondoa barabara ya Lettow-Vorbeck na kuiita Namibia.

Mwaka ule wa kifo chake bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari wa zamani waliokuwa hai. Husimuliwa kwamba mlipaji alipofika Mwanza, walikuja wazee mamia kadhaa, na wachache tu ndio waliokuwa na vyeti vyao. Basi kila asiyekuwa na cheti akapewa ufagio aushike kama bunduki, akatolewa amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna mzee aliyekosea. Fedha zile zilikuwa za askari peke yao. Wapagazi hawakuwamo katika hesabu.